Kurudi kabla ya kilele: nani anayefanya kazi vizuri katika Mlima Meru?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Saa nane za usiku, katika njia inayopanda kutoka vibanda vya Saddle kuelekea kilele cha Mlima Meru, mwongoza wageni huwa na dakika chache tu za kuamua kama mgeni aliyeanza kuyumba apumzishwe kidogo, anyweshwe maji na kuendelea, au ageuzwe na kuteremshwa papo hapo. Akichagua la kwanza na bahati ikamsimamia, mgeni atafika juu jua likichomoza upande wa Kilimanjaro, picha itapigwa, na kampuni itaongeza jina moja katika hesabu ya waliofika. Akichagua la pili, mgeni atarudi mzima lakini mwenye masikitiko, kampuni itakosa picha ya kutangazia, na wapagazi watashuka wakiwa na wasiwasi kuhusu tipu.

Ni katika uamuzi huo wa pili ndipo umahiri wa kazi hujitokeza kwa ukamilifu wake, na ni uamuzi huohuo ambao vipimo vinavyopendwa zaidi katika biashara ya utalii huuhesabu kuwa kushindwa.

Tatizo hilo haliishii mlimani. Arusha ni jiji la ofisi za umma, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hoteli, kampuni za safari, vyuo vya ufundi na, pembezoni mwake, mashamba ya kahawa na maua. Katika kila moja ya sehemu hizo, mtu fulani hukaa mwisho wa mwaka akijaza fomu inayotakiwa kusema kama mwenzake amefanya kazi vizuri. Kinachoandikwa humo huamua cheo, mshahara na wakati mwingine ajira yenyewe, hivyo si jambo dogo kuuliza fomu hiyo inapima nini.

Siku tatu au nne juu ya Meru

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na leo inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, yaani TANAPA. Safari ya kupanda Meru huanzia lango la Momella, hupitia vibanda vya Miriakamba vilivyo takribani mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hulala tena Saddle, takribani mita 3,570, na kuishia kileleni, takribani mita 4,560. Kwa kuwa sehemu ya chini ya njia hupita katikati ya nyati, twiga na tembo, misafara huongozana na askari wa uhifadhi mwenye bunduki, jambo ambalo si la kawaida katika njia za Kilimanjaro.

Wageni wengi hupanda Meru ili kuuzoesha mwili kabla ya kwenda Kilimanjaro yenye mita 5,895, na kwa sababu hiyo baadhi yao huuchukulia mlima huu kuwa mazoezi tu. Dhana hiyo ni ya hatari. Kileleni pa Meru mgandamizo wa hewa ni chini ya asilimia 60 ya ule wa pwani, na sehemu ya mwisho ya njia hupita juu ya ukingo mwembamba wa kreta, wenye majivu ya volkano yanayoteleza upande mmoja na korongo refu upande wa pili.

Katika mazingira hayo hutokea ugonjwa wa mwinuko, yaani hali inayompata mtu aliyepanda haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea upungufu wa oksijeni. Huanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500, kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na kizunguzungu. Ukipuuzwa unaweza kufikia hatua ya maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba, hali ambazo huua kwa muda wa saa chache, na tiba yake ya uhakika, kabla ya dawa yoyote, ni kumteremsha mgonjwa.

Mwongoza wageni hodari, kwa hiyo, haanzi kazi saa nane za usiku. Huanza wakati wa chakula cha jioni, anapoangalia nani amegusa supu kidogo na kulisukuma bakuli, nani amenyamaza ghafla ilhali mchana alikuwa mchangamfu, na nani anahangaika na zipu ya koti kama mtoto. Haulizi kama mgeni ni mzima, kwa sababu anajua kuwa mtu aliyelipa fedha nyingi na kuomba likizo kazini kwake atajibu kuwa ni mzima hata kama kichwa kinampasuka; humuuliza swali linalohitaji maelezo, kisha husikiliza maneno yanavyopangika.

Akiwa na shaka humtaka atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Mgeni anayeyumba katika hatua kumi za namna hiyo hachukuliwi tena kuwa amechoka tu, kwa maana kuyumba huko ni dalili kwamba ubongo umeanza kudhurika. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kwenye kidole husaidia, lakini namba yake peke yake haitoshi, kwani vidole vyenye baridi huweza kuidanganya, na watu wawili wenye namba ileile huweza kuwa katika hali tofauti kabisa.

> Mgeni aliyelipa fedha nyingi atasema ni mzima hata kama kichwa kinampasuka.

Umahiri ni nini hasa

Katika Kiswahili cha kazini maneno maarifa, stadi, weledi na umahiri hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja, na kuchanganya huko kumeleta hasara. Maarifa ni yale mtu anayoyajua, kama vile dalili za ugonjwa wa mwinuko. Stadi ni yale anayoweza kuyafanya kwa mikono na akili yake, kama kutumia kipimo cha oksijeni au kumbeba mgonjwa kwa machela kwenye mteremko. Weledi ni kuishi kwa kufuata taratibu na maadili ya kazi. Umahiri ni uwezo wa kuyakusanya hayo yote, pamoja na mwelekeo wa moyo, na kuyatumia mahali halisi, kwa kiwango kinachokubalika, wakati mambo yanapokuwa magumu.

Fasili hiyo ina historia. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani David McClelland, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala iliyohoji mazoea ya kuchagua wafanyakazi kwa alama za mitihani na vipimo vya akili, akishikilia kwamba alama hizo hazitabiri vizuri nani atakayefanya kazi ipasavyo, na kwamba njia bora ni kuchunguza wale wanaofanya kazi hiyo kwa ustadi na kuona wanatenda nini ambacho wenzao wa wastani hawatendi. Kutoka hapo wazo la umahiri lilienea katika vyuo, majeshi, makampuni na mashirika ya kimataifa.

Wataalamu waliofuata, miongoni mwao John Campbell wa Marekani, waliongeza tofauti ambayo ina uzito wa pekee kwa Meru, nayo ni kwamba utendaji wa kazi ni matendo ya mfanyakazi, si matokeo yanayofuata matendo hayo. Matokeo hubeba pia hali ya hewa, afya ya mgeni, ubora wa mahema na bahati. Mwongoza wageni anaweza kutenda vibaya na mgeni akafika kileleni, na anaweza kutenda vizuri kupita wote na mgeni asifike.

Wahenga wa pwani na bara walikuwa na mfumo wao wa kulitambua jambo hili kabla ya fomu yoyote kubuniwa. Mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi chini ya fundi, hakuambiwa amehitimu kwa sababu ya kumaliza miaka kadhaa. Alihitimu siku fundi wake alipomwachia kazi ya mteja bila kusimama nyuma yake. Kipimo kilikuwa imani iliyojengwa kwa kutazamwa muda mrefu, na hicho ndicho kitu kigumu zaidi kukihamishia kwenye karatasi.

Cheti na mgongo

Mzozo wa kwanza katika jiji la Arusha ni kati ya cheti na uzoefu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwongoza wageni awe na leseni, na leseni hutaka ushahidi wa mafunzo. Vyuo havikosekani karibu: Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, kipo mguuni pa Kilimanjaro, na katika eneo la Njiro, Arusha, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ina chuo chake cha hoteli na utalii.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha kwa mfumo unaozingatia umahiri, maana yake mwanafunzi hapimwi kwa saa alizokaa darasani bali kwa kazi anazoweza kuonyesha mbele ya mpimaji. Kwa maandishi mfumo huo ni mzuri mno. Ugumu wake uko katika gharama, kwani kumpima mpishi kwa vitendo kunahitaji jiko, vyakula na mpimaji mwenye muda, na kumpima mwongoza wageni kwa haki kungehitaji mlima wenyewe, baridi na mgeni anayeumwa.

Hapo ndipo waajiri hulalamika kwamba vijana wanaotoka vyuoni wanaweza kutaja hatua zote za huduma ya kwanza lakini hushikwa na butwaa wanapoitwa hemani usiku. Walimu nao hujibu, na kwa haki, kwamba kampuni zinazolalamika ndizo zinazokataa kuwapokea wanafunzi kwa mafunzo kazini, au huwapokea na kuwaacha wakiosha vyombo.

Upande wa tatu wa mzozo haupati nafasi ya kusema mara kwa mara. Ni wapagazi, watu ambao mlimani huitana wagumu, wanaobeba mahema, chakula, gesi na mizigo ya wageni. Mzigo wao una ukomo wa kilo 20, na langoni kuna mizani. Mpagazi aliyepanda kwa miaka kumi na mitano amewaona wagonjwa wengi kuliko mwalimu yeyote, hujua kwa kutazama mawingu kama kileleni kutakuwa na upepo, na huweza kusimamisha hema katika mvua ya mawe kabla mgeni hajafika. Hana karatasi hata moja inayosema hivyo.

> Mpagazi wa miaka kumi na mitano amewaona wagonjwa wengi kuliko mwalimu yeyote, lakini hana karatasi inayosema hivyo.

Tanzania ina mlango kwa ajili ya watu wa namna hiyo, unaoitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza kwa kufanya hupimwa katika kazi yake, mapungufu yake hubainishwa na kufundishwa, kisha hupewa cheti cha VETA bila kurudishwa kukaa darasani miaka miwili. Mpango huo umewafikia waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi na wahudumu wa hoteli katika mikoa mingi. Kuupanua mpaka ufikie kazi za mlimani kungekuwa tendo la haki, kwani taifa lingekuwa linathibitisha kitu ambacho tayari linakitumia kila siku.

Ni lazima hata hivyo kusemwa wazi kwamba uzoefu nao una udhaifu wake. Mtu anaweza kurudia kosa lilelile kwa miaka ishirini na kuliita ujuzi, hasa pale ambapo wagonjwa wake wamepona kwa bahati. Mazoea ya zamani ya kumwambia mgeni anayeumwa kichwa ajikaze kidogo yalitoka kwa watu wenye uzoefu mwingi, na ni elimu ya darasani iliyoyapinga. Anayedharau cheti na anayedharau uzoefu wote wawili wanamwibia mgeni nusu ya usalama wake.

Tipu, nyota na picha ya kileleni

Mfanyakazi hutenda kulingana na kile anachoona kinalipwa, na katika mlima kuna malipo matatu yanayosema kwa sauti kubwa kuliko mkataba.

La kwanza ni tipu, ambayo kwa wapagazi na wapishi wengi ni sehemu kubwa ya kipato cha safari. Mgeni huitoa mwisho, akiwa na furaha au huzuni ya kilele, na huitoa kwa yale aliyoyaona. Hakuona chakula kilichopunguzwa katika sufuria ya wapagazi ili chake kitoshe. Hakuona kijana aliyeshuka usiku kutafuta msaada. Aliona tabasamu na maji ya moto. Mradi wa Kilimanjaro wa kuwasaidia wapagazi, ulioanza Moshi mwaka 2003, umefanya kazi ya miaka mingi kuyaleta mbele ya wageni mambo hayo yasiyoonekana, kama malipo halisi, mahali pa kulala na idadi ya milo, na juhudi hiyo inastahili heshima.

La pili ni nyota za mtandaoni. Maoni ya mgeni mmoja husomwa na maelfu, na kampuni ndogo ya Arusha huweza kupanda au kuanguka kwayo. Lakini mgeni aliyerudishwa kabla ya kilele, asiyejua kwamba kuyumba kwake kulikuwa dalili ya hatari, anaweza kuandika kwa uaminifu kabisa kwamba kiongozi wake alikata tamaa mapema.

La tatu ni asilimia ya waliofika, ambayo kampuni huichapisha katika matangazo. Namba hiyo ikisomwa vizuri inaweza kusema jambo la maana, kwa mfano kwamba kampuni hutenga siku za kutosha za kuzoea mwinuko. Ikisomwa vibaya humweka mwongoza wageni mahali pa kuchagua kati ya afya ya mtu na hesabu ya mwajiri, na hakuna mfanyakazi anayepaswa kuwekwa hapo.

Somo la wakalimani wa Mahakama ya Rwanda

Arusha imewahi kushuhudia, katika ukumbi wa mikutano wa kimataifa ulio katikati ya jiji, mfano mwingine wa kazi ambayo ubora wake ulikuwa kinyume na haraka. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi hapa kuanzia mwaka 1995 hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015, ilitumia Kiingereza na Kifaransa kama lugha rasmi, ilhali mashahidi wengi walisema kwa Kinyarwanda.

Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ambayo ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, majaji walitenga sehemu nzima kueleza ugumu wa tafsiri. Neno la shahidi lilitoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa, na kutoka hapo kwenda Kiingereza, na maneno kama inyenzi (mende) na ibyitso (washirika), pamoja na maneno ya staha yanayotumiwa kuzungumzia ubakaji, yalihitaji kufafanuliwa na mtaalamu wa lugha kabla mahakama haijaamua shahidi alimaanisha nini.

Mkalimani hodari katika chumba hicho hakuwa yule anayemaliza sentensi haraka. Alikuwa yule anayesimama, akaomba neno lirudiwe, akaieleza mahakama kwamba neno hilo lina maana mbili. Kwa macho ya anayehesabu kasi, mtu huyo alichelewesha kesi. Kwa macho ya haki, aliulinda ushahidi wa mwanamke aliyesafiri kutoka kijijini kusema jambo lililomgharimu maisha yake yote.

Umoja wa Mataifa wenyewe, chini ya Kofi Annan, ulitoa mwaka 1999 mwongozo wa umahiri unaotakiwa kwa watumishi wake, ukitaja uadilifu, weledi na kuheshimu tofauti za watu kuwa maadili ya msingi, na mawasiliano, kufanya kazi kwa pamoja, kupanga kazi, uwajibikaji, ubunifu na kuendelea kujifunza kuwa miongoni mwa stadi za msingi. Wakazi wengi wa Arusha walioomba kazi katika taasisi za umoja huo walikutana kwa mara ya kwanza na usaili unaouliza si mtu amesoma nini, bali alifanya nini siku fulani mambo yalipoharibika.

Fomu za ofisini

Katika utumishi wa umma safari imekuwa ndefu. Hapo zamani msimamizi aliandika taarifa ya siri ya mwaka juu ya mtumishi, ambaye huenda asingejua kamwe kilichoandikwa. Mwaka 2004 serikali ilianza mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, uliojulikana kwa watumishi wengi kama OPRAS, ambamo mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakakutana katikati ya mwaka kuyapitia, na kutia sahihi pamoja mwishoni.

Fomu hiyo ilikuwa na sehemu iliyoorodhesha sifa za utendaji bora, zikiwemo mahusiano kazini, mawasiliano na kusikiliza, ubora na wingi wa kazi, uwajibikaji na busara ya kuamua, kumjali mteja, utii na uadilifu. Orodha hiyo ilikuwa nzuri kuliko sifa iliyopewa. Tatizo lilikuwa kwamba alama kutoka 1 hadi 5 zilijazwa mara nyingi dakika za mwisho, wakati mtumishi anahitaji fomu kwa ajili ya kupandishwa daraja, na msimamizi asiyetaka ugomvi aliandika alama nzuri ya 2 kwa kila mtu.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 mfumo huo ulipisha mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa utendaji kazi unaoitwa PEPMIS, ambamo kazi ya mtumishi hugawanywa katika majukumu madogo yanayoingizwa kwenye kompyuta au simu na kuthibitishwa na msimamizi kadiri mwaka unavyokwenda. Faida yake ni kwamba kumbukumbu haisubiri mwisho wa mwaka. Hatari yake ni ileile ya asilimia ya waliofika kileleni: jambo linalohesabika kwa urahisi huonekana kubwa, na jambo lisilohesabika hutoweka. Mwalimu wa shule ya msingi chini ya mlima huweza kuandika idadi ya vipindi alivyofundisha. Mazungumzo ya nusu saa yaliyomfanya mwanafunzi mmoja asiache shule hayana kisanduku.

> Mazungumzo yaliyomfanya mwanafunzi asiache shule hayana kisanduku.

Anayeshindwa kazi ana haki gani

Kipimo kibaya huumiza zaidi pale kinapotumiwa kumfukuza mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakubali kwamba kushindwa kazi kunaweza kuwa sababu halali ya kusitisha ajira, lakini kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zinamwekea mwajiri masharti. Ni lazima kuwe na kiwango cha kazi, kiwango hicho kiwe cha haki, mfanyakazi awe anakifahamu, na kabla ya kuachishwa mwajiri achunguze chanzo cha kushindwa, atoe maelekezo au mafunzo, na ampe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Asipofanya hivyo, mfanyakazi anaweza kupeleka shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Masharti hayo yana hekima ndani yake, kwa sababu yanamlazimisha mwajiri kuuliza kwanza kama kosa ni la mtu au la kazi ilivyopangwa. Mpagazi anayechelewa kufika kambini huenda ni mvivu. Huenda pia amebeba kilo 26, au hakula asubuhi. Hata hivyo wagumu wengi huajiriwa kwa safari moja moja, kwa makubaliano ya mdomo getini, na mtu asiyeitwa safari inayofuata hajafukuzwa kwa maana ya kisheria. Hakuna anayemweleza alikosea nini. Simu haiiti tu.

Daftari la kambi

Miongoni mwa wanaoijua kazi ya mlima kuna mjadala kuhusu nani aandike kumbukumbu za kurudi kabla ya kilele. Wapo wanaoona kwamba jambo hilo ni la kampuni, kwa kuwa ndiyo inayomlipa mwongoza wageni na kubeba lawama mgeni akidhurika. Wapo wanaohofia kwamba kampuni ikiachiwa peke yake itaandika inachotaka, na wanataka hifadhi ihusike. Wengine wanasema karatasi nyingine ni mzigo juu ya mzigo kwa watu ambao tayari wamechoka na wamelowa.

Hoja ya mwisho ina ukweli, lakini kinachohitajika ni mistari minne tu: mgeni aligeuzwa saa ngapi, katika mwinuko gani, kwa dalili zipi, na alikuwa katika hali gani alipofika Miriakamba. Kampuni ambayo ingeilipa timu tipu kamili kutoka mfukoni mwake kwa kila safari yenye mistari hiyo ingekuwa imewaambia wafanyakazi wake, kwa lugha wanayoielewa, inathamini kitu gani. Wakati wa kumpandisha msaidizi kuwa kiongozi mkuu, mistari hiyo ingesomwa pamoja na cheti.

Kuhusu nani ashuhudie, Meru ina kitu ambacho Kilimanjaro haina. Askari wa uhifadhi aliyeingia njiani kwa sababu ya nyati huwa karibu na msafara, humwona mgeni akila, akipanda na akiyumba, na mshahara wake hautoki kwa kampuni wala hautegemei picha ya kileleni. Sahihi yake ikiwekwa chini ya ile ya mwongoza wageni, kabla kundi halijatoka getini Momella, itachukua chini ya dakika moja, wakati mizigo inashushwa na wapagazi wanahesabu mahema.